Unga Haushoni

Kila mgeni aliyeingia nyumbani kwa Chabani, mtaa wa Nyamugari mjini Gitega, alikaribishwa kwenye kiti kizuri kuliko vyote. Kilikuwa kiti cha magurudumu. Kilikuwa kipya. Plastiki yake bado ilikuwa mgongoni na kwenye mikono, na Kadidja, mke wa Chabani, alikuwa amekitandikia kitambaa cheupe cha kufuma.

Mwenye kiti alikaa chini, kwenye mkeka.

Mwenye kiti aliitwa Mwajuma, dada mdogo wa Chabani. Polio ilimshika miguu akiwa mtoto mchanga, na haikumwachia mpaka leo. Lakini mikono yake ilikuwa mizima, na ilikuwa mikono ya fundi. Mdomo wake pia ulikuwa mzima, na siku hizi haukupumzika, maana yaliyomkera yalikuwa mengi.

Alasiri moja mzee Uthmani, jirani yao, alikuja kusalimia. Alikalishwa kwenye kile kiti. Alipewa chai na maandazi. Akajinyoosha vizuri na kuweka miguu yake pale pa kuwekea miguu.

"Hii kiti ni tamu, Kadidja," alisema. "Mgongo wangu umepona kabisa."

"Kaa tu, mzee," alisema Kadidja. "Nikuongeze chai?"

Mwajuma alikuwa anapinda sketi kwa sindano ya mkono. Alijichoma kidole.

"Mzee Uthmani," alisema, "hiyo kiti ni yangu mi."

"Ego, ndiyo, mwanangu," alijibu mzee kwa upole. "Mungu akuzidishie. Hapa wanakutunza vizuri sana."

Kisha akachukua andazi jingine. Mtu kama huyo utamfanya nini? Mwajuma aliukata uzi kwa meno, moyoni akichemka.

Hapo zamani Mwajuma hakushona kwa sindano ya mkono. Alikuwa na cherehani yake ya chuma, ile ndogo ya kuzungusha kwa mkono. Alikaa nayo dirishani, mbele ya meza fupi. Wanawake walimletea vitambaa vya sare za shule kutoka Bukirasazi na Ryansoro, siku wanapokuja sokoni. Cherehani hiyo ndiyo iliyomsaidia Chabani kulisha nyumba miezi ile ambayo viatu vyake vya mitumba havikununuliwa. Chabani alilijua hilo, ila alikuwa mwepesi wa kulisahau.

Halafu ukaja upepo mkubwa pamoja na mvua ya mawe. Mabati yaliruka mtaani kama karatasi. Ukuta wa chumba cha Mwajuma, uliojengwa kwa matofali ya udongo, ulianguka juu ya cherehani. Mungu alisaidia, Mwajuma mwenyewe alikuwa jikoni. Cherehani ilivunjika shingo. Hakuna fundi aliyeweza kuiunga.

Wateja walisubiri kidogo. Walimpa pole. Kisha mmoja mmoja walikuja kuchukua vitambaa vyao.

"Pole, dada Mwajuma," walisema. "Mais lakini mtoto hawezi kwenda shule bila sare."

Baada ya upepo, shirika moja la misaada lilifika Gitega. Shefu wa karitiye, yaani mkuu wa mtaa, alipita na kipaza sauti. Alitangaza hivi: waliopoteza mapaa watapata mabati, na mafundi waliopoteza vyombo vya kazi watapata vyombo vipya. Mwajuma alisikia kwa masikio yake mawili. Alipiga kigelegele pale pale kwenye mkeka.

"Kaka, nipeleke," alimwambia Chabani.

"We ukae," alijibu Chabani. "Wanagawa kule juu, mu shule. Iko ngazi nyingi. Nitakusemea mi."

"Utawaambia mi ni fundi? Utawaambia cherehani imevunjika?"

"Mwajuma! Kwani mi niko mutoto? Najua ya kusema."

Basi Chabani akaenda kumsemea. Alipofika aliona foleni mbili. Foleni ya mafundi ilikuwa ndefu na watu walikuwa wanasukumana. Foleni ya wagonjwa, wazee na watu wenye ulemavu ilikuwa fupi. Chabani ni mfanyabiashara. Alitazama huku, akatazama kule, akaingia kwenye foleni fupi. Alipofika mezani alitia huruma sautini, akasema: "Nina dada yangu mlemavu. Hajiwezi kwa lolote."

Alirudi nyumbani jioni akiwa amejaa furaha. Alileta unga, sabuni, blanketi na kiti cha magurudumu.

"Na cherehani?" aliuliza Mwajuma.

"Cherehani ya nini tena? Angalia vitu vyote hivi! Nilisema maneno mawili tu, wakanihurumia palepale."

"Ulisema maneno gani?"

Chabani akamwambia. Mwajuma alilia kwa hasira. Kaka yake alidhani analia kwa furaha, akamletea maji ya kunawa uso.

Hata hicho kiti hakukipata. Chabani alikataza kabisa kitolewe nje. Gitega ina vumbi jekundu wakati wa jua na tope jekundu wakati wa mvua. Chabani aliogopa.

"Watu wa msaada watakuja kuangalia," alisema. "Wakikuta kimechafuka, watasema hatujui kutunza. Watakichukua."

"Kwa hiyo mi nitatoka na nini?"

"Na mgongo wangu. Nimekuchoka mi? Nimewahi kusema nimekuchoka?"

Hakuwahi kusema hivyo, na hilo ndilo lililokuwa gumu. Chabani alimpenda dada yake. Alimbeba mgongoni kwenda hospitali, kwenye harusi, hata chooni. Alijivunia kumbeba. Aliona kwamba akimwacha ajisukume mwenyewe, Nyamugari nzima itasema amemtupa. Mtu anayekuonea utamgombeza. Lakini mtu anayekupenda vibaya utamwanzia wapi?

Miezi ikapita. Kisha ikaja habari kutoka Muyinga. Hidaya, binti wa mama yao mdogo Zaituni, alikuwa anaolewa. Chabani na Mwajuma walipanda basi dogo, wakapita Karuzi, wakafika Muyinga mchana. Kiti kilibaki Gitega, sebuleni.

Kutoka kituoni hadi kwa mama mdogo Zaituni kuna mpando. Chabani alimbeba dada yake. Jasho lilimtoka mpaka shati likagandamana na mwili. Walipokaribia nyumba, sauti ya mwanamke iliwasimamisha.

"We baba! Huyo mama umemuiba wapi?"

Waligeuka. Mwanamke mnene alikuwa amekaa juu ya baiskeli ya magurudumu matatu, ile inayozungushwa kwa mikono. Nyuma yake palikuwa na gunia la ndagala. Miguu yake ilikuwa myembamba na imefunikwa kwa kitenge kizuri. Huyu alikuwa Joséphine, jirani wa mama mdogo Zaituni. Alitoka Kivu ya Kusini kama mkimbizi miaka mingi iliyopita, akapanga nyumba Muyinga, akafanya biashara ya samaki wakavu. Tena alikuwa kwenye kamati ya watu wenye ulemavu ya pale mtaani.

"Ni dada yangu," alisema Chabani akihema.

"Haina kiti?"

"Iko nayo! Ya mupya kabisa. Iko ku Gitega, mu salon."

Joséphine alimtazama Chabani. Akamtazama Mwajuma mgongoni. Akamtazama tena Chabani.

"Donc kiti iko mu salon, na mwenyewe iko ku mugongo?"

Hakungoja jibu. Alicheka mpaka akashika tumbo. Chabani alichukia sana. Mwajuma hakuchukia hata kidogo. Ilikuwa mara ya kwanza mtu mwingine kuliona jambo hilo kama yeye alivyoliona.

Kesho yake wanawake walikusanyika kumenya ndizi za harusi. Joséphine alikuja na kisu chake. Alikaa karibu na Mwajuma. Chabani naye alipita pale kila mara, akijifanya anatafuta kuni.

"Niambie yote," Joséphine alimwambia Mwajuma.

Mwajuma alimwambia yote. Alimweleza habari ya upepo, cherehani, foleni fupi, unga, plastiki na mzee Uthmani. Joséphine alimenya ndizi kwa nguvu zaidi na zaidi, kana kwamba ndizi ndizo zilizokosa.

"Baba Chabani!" aliita. "Acha hizo kuni, zinakuangalia tu. Kuja hapa."

Chabani alikuja, akachuchumaa.

"We uliona foleni mbili, ukafikiri muntu anaingia moja tu," alisema Joséphine. "Sikia vizuri. Iko msaada wa watu wote: mabati, chakula, vyombo vya kazi. Na iko msaada wa kusaidia ulemavu: kiti, magongo, miwani. Moja haifuti ingine. Dada yako ni fundi, alipoteza mashini kama mafundi wengine. Tena miguu yake haitembei. Yote mbili ni haki yake."

"Mi nilitaka wamuhurumie," alisema Chabani.

"Walimuhurumia. Na iko anashona na nini? Na huruma?"

Wanawake wakacheka. Chabani alikuna kichwa.

"Ulisema hajiwezi," Joséphine aliendelea. "Ukisema vile, nani atamupa mashini muntu hajiwezi? Watamupa unga. Mi mwenyewe ningemupa unga! Kosa haiko yao peke yao. Kosa lao ni moja: hawakuuliza mwenyewe. Kosa lako ni kumujibia."

"Mais ngazi ni nyingi kule," alisema Chabani. "Hata angetaka, angefika namna gani?"

"Kabla ya siku ya kugawa, nenda kwa shefu, useme: kwetu iko muntu wa kiti, mutuwekee meza chini. Wakikataa, uliza nani anapokea malalamiko. Mashirika mengi iko na muntu ya vile, na namba ya simu. Hii si kuomba. Msaada ambayo muntu hawezi kuifikia, haijafika."

Mwajuma aliacha kumenya. Aliyashika maneno hayo moja moja.

"Na kiti," aliuliza, "wakikuta kimechafuka watakichukua?"

"Yoo, mama yangu! Mi niko mu kamati, tunatembelea watu nyumbani. Tukikuta kiti iko na tope, tunafurahi. Tukikuta kiti safi kama sahani ya wageni, tunajua iko muntu amefungiwa mu nyumba."

Chabani aliinamisha kichwa. Neno "amefungiwa" lilimchoma. Hakuwahi kumfungia dada yake. Lakini akafikiria mlango wa nyumba yake, na ngazi zake, na mkeka.

Kisha Joséphine akamfundisha Mwajuma mambo ya kiti, kama mtu anavyomfundisha mwenzake kazi. Miguu isining'inie, ikae vizuri juu ya kibao chake. Breki zifungwe kabla ya kupanda na kushuka. Mlango wenye ngazi utiwe njia ya mteremko, na kila shubiri moja ya kimo ipewe shubiri kumi na mbili za urefu. Mto uwekwe chini, mto mnene. Na mtu asikae tu kama gunia. Kila mara ajiinue kidogo kwa mikono ili damu ipite.

"Mi sikujua hiyo," alisema Joséphine, na kwa mara ya kwanza hakucheka. "Nilipata kidonda huku nyuma. Nililala tumbo miezi. Jiangalie ngozi kila siku, ama muntu unayemuamini akuangalie. Ukiona mahali pekundu pasiporudi rangi yake, usikalie, na kama haiponi nenda ku muganga wa hospitali."

Waliporudi Gitega, walisikia kwamba shirika lilikuwa linarudi kugawa vyombo kwa mafundi waliosalia. Chabani alikwenda kwa shefu bila kusukumwa na kueleza habari ya meza. Shefu alisema, "Tutaona." Mwajuma aliposikia "tutaona" alijua maana yake. Alianza kujitayarisha.

Kwanza nyumba ilikuwa na ngazi mbili mlangoni. Chabani alileta ubao mmoja, akauegemeza.

"Voilà," alisema. "Shuka."

Mwajuma alijaribu. Ubao ulikuwa umesimama kama ngazi ya kuchumia parachichi. Kiti kilitaka kumwangusha kifudifudi, na Chabani alikidaka kwa kifua chake.

"Joséphine alisema nini?" alifoka Mwajuma. "Kila shubiri moja ya kimo, shubiri kumi na mbili za urefu! We umepima na nini? Na haraka?"

"Kwa hesabu hiyo njia itafika barabarani!"

"Basi ifike! Si ndiko ninakokwenda?"

Ikabidi Chabani amwite Matata, mwashi wa jirani. Walipanga mawe, wakashindilia udongo, wakapaka saruji juu bila kuilainisha ili gurudumu lisiteleze. Njia ilikuwa ndefu kweli, na ilipinda mara moja kufuata ukuta. Watoto wa mtaa waliipenda. Mama Fatuma, aliyekuwa na mimba kubwa, alianza kuitumia siku hiyo hiyo.

Siku ya kugawa ikafika. Mwajuma alivaa vizuri, akafunga kilemba, akachukua mkasi ili akate plastiki. Akaingia sebuleni. Juu ya kiti alikuwa amekaa mzee Uthmani na kikombe cha chai.

"Mzee," alisema Mwajuma, "teremka. Naenda kutafuta kazi."

"Na mi nikae wapi?"

"Mkeka uko hapo, mzee. Ni mzuri. Mi naujua."

Kadidja aliona aibu kubwa, akaziba mdomo kwa kanga. Wifi yake alikuwa anamwondoa mgeni kitini! Lakini mzee Uthmani aliinuka, akatazama kiti, akatazama miguu ya Mwajuma, na ni kama kitu kilimwingia akilini polepole. "Nisamehe, mwanangu," alisema. Akampa Kadidja kikombe, akatandua kile kitambaa cheupe kwa mikono yake mwenyewe.

Kule shuleni meza ya mafundi ilikuwa juu, ghorofani, kama zamani. "Tutaona" ya shefu haikuona kitu. Chini palikuwa na kijana wa shirika, jina lake Saidi. Alikulia kwenye kambi ya wakimbizi Tanzania na Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka. Aliwaona, akatabasamu, akainua macho juu ya kichwa cha Mwajuma.

"Karibu, kaka," alimwambia Chabani. "Mgonjwa wako anahitaji nini?"

Chabani alifungua mdomo. Maneno yalikuwa tayari ulimini, yamezoea njia. Mwajuma alifumba macho akingoja kuyasikia. Kisha Chabani akafunga mdomo, akayameza.

"Muulize mwenyewe," alisema.

Saidi alishusha macho. Mwajuma alimtazama usoni.

"Mi si mgonjwa," alisema. "Mi ni fundi wa kushona. Ukuta uliangukia cherehani yangu."

"Dada, samahani," alisema Saidi. "Watu wenye ulemavu tuliwahudumia awamu ya kwanza. Hukupata unga?"

"Nilipata."

"Sasa?"

"Unga haushoni."

Watu waliokuwa karibu waliangua kicheko. Saidi aliona haya.

"Ni kweli," alisema. "Lakini meza ya mafundi ipo juu."

"Basi ishuke."

"Ishuke?"

"Meza ina miguu minne na haijui kutembea. Mi pia sijui. Lakini meza ni nyepesi."

Saidi alisimama kidogo, akifikiri. Kisha akapanda ngazi mbiombio. Alirudi na mkubwa wake, bwana Sylvestre, na watu wawili waliobeba meza. Ilipowekwa chini ya paa la veranda, jambo la ajabu lilitokea. Seremala mzee aliyeumwa magoti alitoka alikokuwa amekaa. Mwanamke mwenye mapacha mgongoni akamfuata. Walikuwa wamezitazama zile ngazi na kukata tamaa, wakanyamaza. Bwana Sylvestre aliwaona wakijipanga, akajifuta uso kwa mkono.

"Mbona hamkusema?" aliuliza.

"Tungesema kwa nani?" alijibu seremala. "Mlikuwa juu."

Zamu ya Mwajuma ikafika. Alieleza kazi yake na alivyoipoteza. Walimwamini. Wakamletea cherehani mpya, inang'aa, juu ya meza yake. Chini ya meza kulikuwa na kanyagio kubwa la chuma la kuendeshea kwa miguu.

Mwajuma alitazama kanyagio. Alitazama miguu yake. Alitamani kucheka na kulia pamoja.

"Bwana," alisema taratibu, "hii inakanyagwa."

"Zote ziko hivi," alisema bwana Sylvestre. "Tunatoa sawa kwa wote, ili mtu asiseme tunapendelea."

Hapo Chabani alishindwa kujizuia. Lakini safari hii hakusema habari ya miguu ya dada yake. Alisema habari ya kazi yake mwenyewe.

"Mi nauza viatu, bwana," alisema. "Nikiwapa wateja wote namba moja, niseme nimetoa sawa kwa wote, watanipiga navyo."

Bwana Sylvestre akamgeukia Mwajuma, si Chabani, akauliza, "Wewe unaonaje? Ifanyweje?"

Mwajuma alikuwa amelingoja swali hilo tangu siku ya upepo. Alijibu haraka. Kichwa cha cherehani kitolewe kwenye kanyagio. Gurudumu lake lifungwe mpini wa mkono. Sokoni yupo Baguma, Mkongomani anayetengeneza cherehani, anaweza. Yeye Mwajuma atatumia meza yake fupi.

"Rudi wiki ijayo," alisema bwana Sylvestre.

Wiki iliyofuata mpini haukuwepo. Nyingine tena, haukuwepo. Mwajuma hakukaa akisubiri. Aliomba namba ya simu ya malalamiko na akapiga kila asubuhi baada ya chai, kwa adabu, mpaka binti aliyepokea akaijua sauti yake. "Dada Mwajuma," alisema binti siku moja, "tafadhali, njoo uchukue cherehani yako, na sisi tupumzike."

Cherehani ilifika na mpini wake. Baguma alipandisha pia vibao vya miguu vya kile kiti, kwa sababu vilikuwa chini mno. Mto Mwajuma alijishonea mwenyewe, wa godoro na kitenge. Alihama dirishani. Sasa alishona nje, mwisho wa ile njia ndefu, karibu na barabara, na wanawake wa Ryansoro walimwona kabla hata hawajafika sokoni. Vitambaa vya sare vilianza kurudi. Kiti kilikuwa na tope jekundu mpaka kwenye mikono. Choo nacho kilipanuliwa mlango na kutiwa ubao wa kujishikia, na Chabani akapumzisha mgongo wake.

Siku moja alikuja kijana mmoja akimshika mkono baba yake, mzee Waziri. Mzee huyo alikuwa amepofuka macho. Chabani alikuwa amekaa pembeni akipanga viatu vyake.

"Dada, mshonee mzee kanzu," alisema kijana. "Kitambaa chochote tu. Rangi yoyote. Mzee haoni."

Chabani alikohoa. Mwajuma aligeuza kiti, akamwelekea mzee.

"Mzee Waziri, we unataka rangi gani?"

Uso wa mzee uliigeukia ile sauti, kama mtu anayehakikisha kwamba ni yeye aliyeulizwa.

"Nyeupe," alisema. "Nyeupe pe. Mi sioni, lakini msikitini wenzangu wote wana macho."

"Hii aliyovaa si nzuri?" aliuliza kijana.

"Hii uliniambia ni nyeupe," alisema mzee Waziri. "Mjukuu wangu ndiye aliyeniambia kwamba ni ya kijani."

Kijana aliinama, akatazama viatu vya Chabani bila kuchagua kimoja. Mwajuma alitoa futi shingoni na kuanza kumpima mzee mabega.